Mama Povu na Mbwa wa Haraka

Shangazi yangu ni dobi, na mtaa mzima unamwita Mama Povu. Jina hilo halimuudhi. Kinachomuudhi ni mtu kumletea shati lenye doa la wino halafu akaapa kuwa ni vumbi tu.

Anafulia uani kwake, kati ya ukuta wa jikoni na nguzo ya umeme ambayo haina umeme tangu zamani. Kamba zake zimevutwa kutoka ukutani hadi kwenye nguzo hiyo. Mlangoni huweka mabeseni matatu. Jekundu ni la nguo za haraka, zinazochukuliwa siku hiyo hiyo. La bluu ni la nguo za kawaida. La kijani ni la nguo zenye kasoro, kama kifungo kilichong'oka au zipu iliyogoma. Mabeseni hayo hayana maandishi yoyote. Mteja hupita, hutupa mzigo wake, husema "Mama, haraka," na huyo anaondoka. Karibu wote hutupa kwenye jekundu, hata fundi saa, ambaye akileta suruali huikumbuka baada ya mwezi.

Shangazi ana mdomo mzito. Mumewe, fundi baiskeli, ndiye anayeongea kwa niaba ya wote wawili, na chenji inabaki. Shangazi hufua tu, huku maganda ya limau yakichemka kwenye sufuria pembeni. Maji yake huyachanganya na sabuni, na ndiyo maana ukipita kwenye mkutano wowote mtaani kwetu unasikia harufu ya limau.

Mwaka mmoja alikonda kwa sababu ya mashuka. Nyumba ya wageni iliyo kwenye kona ya barabara kuu ilikuwa ikimletea mashuka yake yote, na kazi hiyo ndiyo iliyokuwa ikiweka sufuria jikoni. Nguo za majirani zilikuwa za kuongezea chumvi tu. Sasa kukawa na mwizi. Shangazi akienda bombani mchana kujaza ndoo, anarudi anakuta pengo kwenye kamba. Leo shuka, keshokutwa foronya. Suruali ya fundi saa haikuguswa hata mara moja, jambo ambalo fundi saa alilichukulia kama tusi.

Meneja wa nyumba ya wageni, mwanamke mrefu anayeongea taratibu kama anayesoma masharti ya mkataba, alikuja mwenyewe.

"Mama Povu, mimi nakupenda, unajua."

"Najua, dada."

"Lakini wageni hawajifuniki mapenzi. Mashuka yakiendelea kupotea, napeleka kwa yule jamaa wa mashine."

"Yule anachanganya nyeupe na soksi."

"Anachanganya, lakini anarudisha."

Kwa hiyo kituo cha polisi kilipotangaza kwamba kinataka maoni ya wananchi, shangazi alifurahi hadi akasema sentensi mbili mfululizo. Mkuu wa kituo alikuja uani pamoja na mwenyekiti wa mtaa, akaeleza kwamba mwaka huu kituo kimepata fungu dogo la nyongeza, na wakubwa wameagiza wananchi wenyewe waseme litumike kwenye nini. Mambo yalikuwa matatu. La kwanza, askari wa doria ya miguu, atakayezunguka mtaani mchana kutwa. La pili, paa la kituo, ambalo mvua ikinyesha mahabusu huomba wahamishiwe nje. La tatu, mbwa wa polisi.

"Mbwa wa nini?" akauliza mume wa shangazi.

Mkuu wa kituo akashusha sauti. "Maelekezo yalitaka mambo matatu. Sisi tulikuwa na mawili."

Walitaka maoni yakusanywe pale kwa dobi kwa sababu hakuna nyumba ambayo haipitishi mtu pale. Wakaomba mabeseni. Shangazi akatoa na vibanio vyake vya nguo, kila mkazi apewe kimoja akitumbukize panapomfurahisha. Mkuu wa kituo mwenyewe alibandika karatasi zenye herufi kubwa: la bluu doria, la kijani paa, jekundu mbwa. Alisema rangi nyekundu ni ya hatari, na mbwa ni hatari, hivyo mwananchi hataweza kukosea.

Karatasi zilisomeka vizuri sana. Tatizo ni kwamba hakuna aliyezisoma. Watu walipita na kibanio mkononi kama walivyozoea kupita na mzigo, wakatupa, wakasema "Haraka, mama," wakaenda zao. Shangazi alikuwa amewapa mgongo, anaanika. Jioni alipogeuka, beseni jekundu lilikuwa limefurika. La kijani lilikuwa na vibanio vichache vya watu waliowahi kulala mahabusu. La bluu lilikuwa na viwili: kimoja chake mwenyewe, na kingine kilichokuwemo tangu asubuhi, kimebana soksi ya mtoto.

"Wewe chako umeweka wapi?" akamuuliza mumewe.

"Kwenye jekundu."

"Unataka mbwa?"

"Mbwa gani tena? Nataka doria. Lakini naitaka haraka."

Asubuhi yake shangazi alipiga moyo konde akaenda kituoni. Mkuu wa kituo alimkaribisha kwa furaha, akamsogezea kiti mbali na ndoo iliyokuwa ikikinga maji ya paa.

"Afande, watu walikosea."

"Wananchi hawakosei, mama. Wanatoa maoni."

"Wamezoea beseni jekundu. Ndilo la haraka."

"Kumbe wanamtaka haraka?" Mkuu wa kituo akachukua kalamu. "Hilo nitaliongeza. Wakubwa wamefurahi mno. Wanasema tangu waanze kuuliza, hakuna mtaa uliowahi kukubaliana namna hii. Kwingine watu wanataka hiki, wengine kile, wanakaribia kupigana. Ninyi, mbwa!"

"Mimi natoa yangu, afande. Nataka askari apite tu, akae chonjo, mashuka yangu yasiibwe."

"Maoni yako nimeyasikia, mama, lakini ni ya mtu mmoja." Akafikiri kidogo, kwa kuwa ni mtu wa haki. "Na soksi."

Mbwa aliletwa kwa gari. Alikuwa mkubwa, wa kahawia, mwenye manyoya mengi kama zulia la ofisi ya mkurugenzi, na uso wa mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Alikuja na askari wake, konstebo mmoja mwembamba mwenye adabu. Huko walikotoka mbwa alikuwa amepandishwa cheo akawa koplo, na konstebo alikuwa bado konstebo, kwa hiyo wakikutana mlangoni, konstebo alikaa pembeni.

"Tangulia, afande," akamwambia mbwa.

Mwenyekiti wa mtaa alitoa hotuba. Alisema mtaa wetu sasa ni mfano wa kuigwa, na kwamba sote tuinue vya kwetu: mbwa wetu, maduka yetu, dobi wetu Mama Povu, ambaye hata yeye mwenyekiti humpelekea nguo zake. Shangazi alimwangalia kwa mshangao, lakini watu walikuwa wanapiga makofi.

Wiki ile ile likaibwa shuka jingine. Meneja wa nyumba ya wageni akaja, akaangalia pengo, akaangalia upande wa kituo. "Nakuvumilia mpaka mwisho wa mwezi," akasema, "kwa ajili ya huyo mbwa tu. Nataka nione kazi yake."

Hivyo shangazi alikwenda kuripoti roho mkononi. Konstebo akaja na koplo, akaomba kitu kinachofanana na kilichoibwa. Shangazi akatoa foronya kutoka seti ile ile. Mbwa akainusa kwa utulivu, kama mnunuzi wa kitambaa, kisha akatoka mlangoni kwa mwendo wa mtu anayejua anakokwenda.

"Akimpata mhusika anaketi mbele yake," konstebo alieleza huku akivutwa. "Hajawahi kukosea."

Mbwa aliketi mbele ya mwenye duka.

"Mimi?" mwenye duka akasema, mkono umebaki ndani ya gunia la mchele. "Shuka la nini? Mimi nalalia mkeka!"

"Utaeleza kituoni, mzee wangu. Tufuatane."

Hatua chache mbele, mbwa akaketi mbele ya mwalimu. Kisha mbele ya mkunga, aliyekuwa anakimbilia kwa mzazi na mkoba wake, akakataa kata kata kusimama, ikabidi akamatwe kwa ahadi kwamba atarudi. Kisha fundi saa, ambaye kwa mara ya kwanza alionekana kuridhika kwamba kuna mtu anayemtambua. Mume wa shangazi alitoka nje kuutazama msafara na kuucheka, mbwa akaketi mbele yake pia.

"Shemeji, na wewe unaiba mashuka ya mkeo?" mwenye duka akamuuliza.

"Nyamaza. Wewe umekamatwa kabla yangu, una kosa kubwa zaidi."

Walipofika kituoni walikuwa msururu mzima wa watu, wanabishana nani ni mshukiwa mkuu. Mkuu wa kituo alitoka nje akiwa amevaa sare yake iliyonyooshwa vizuri. Mbwa akamtazama, akasogea, akaketi mbele yake.

Msururu wote ulirudi nyuma hatua moja. Hata ndoo ya paa ilisikika.

"Amechoka," akasema mkuu wa kituo.

"Afande," konstebo akasema kwa huzuni, "akichoka analala. Akiketi, ni mhusika."

"Konstebo, unataka nijikamate?"

"Sijui taratibu zinasemaje, afande. Labda uanze kwa kujihoji."

Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa amekuja kuona mafanikio, akasimama katikati akajipitisha mbele ya mbwa huku na huku. Mbwa hakumjali. "Mnaona?" akasema. "Mtu safi anajulikana. Mbwa hana siasa."

Ni mwenye duka, muuza sabuni wa shangazi kwa miaka yote hiyo, aliyeanza kunusa mkono wa shati lake. Akamnusa mwalimu begani. Bila kuomba ruhusa, akainama akanusa na sare ya mkuu wa kituo.

"Limau!" akapiga kelele. "Sote tunafuliwa na Mama Povu! Mbwa anafuata sabuni!"

Kicheko kilichozuka kilimtoa hata mahabusu dirishani. Kisha kikakatika ghafla, kwa sababu watu walianza kugeuka, mmoja mmoja, kumtazama mwenyekiti wa mtaa.

"Mwenyekiti," akasema mkunga, aliyekuwa amerudi kama alivyoahidi, "zako unafulisha wapi?"

Mwenyekiti alisema ana kikao.

Ungedhani mbwa angerudishwa alikotoka siku hiyo hiyo. Mkuu wa kituo hakuweza. Mbwa alikuwa matakwa ya wananchi, na fungu lilikuwa limeshaliwa naye. Isitoshe, koplo mwenyewe alikuwa na uamuzi wake. Kesho yake asubuhi alimvuta konstebo moja kwa moja hadi uani kwa shangazi, akasimama mbele ya kamba zilizojaa mashuka, harufu yote ile ya ushahidi ikipepea mbele ya pua yake, na akaketi kama mtu aliyefika mwisho wa upelelezi wa maisha yake. Konstebo alimbembeleza. Akamwamuru, kisha akakumbuka hawezi kumwamuru koplo. Mwishowe akaomba kigoda, akakaa karibu naye.

Wakawa wanakuja kila siku, kutwa nzima. Shangazi alienda bombani na kurudi bila kukimbia. Hakuna shuka lililopotea. Alianza tena kula akashiba, na siku moja nilimsikia akiimba, ingawa aliacha aliponiona.

Lakini mbwa mwenye manyoya kama yale, upepo ukivuma, humgawia kila mtu. Meneja wa nyumba ya wageni alikuja na shuka limekunjwa mkononi, akalikunjua polepole.

"Hili halijaibwa," akasema.

"Halijaibwa, dada."

"Lakini linaota nywele. Mgeni wangu ameuliza kama chumba kina mtu mwingine."

Wakati huohuo wananchi nao walikuwa wamechoka. Mbwa, akienda na kurudi, aliendelea kuketi mbele ya kila aliyekutana naye. Mwalimu aliketiwa mbele ya wanafunzi wake. Kijana mmoja aliketiwa mbele ya wazazi wa mchumba, wakaahirisha mazungumzo. Wakubwa nao waliona kwamba tangu mtaa wetu upate mbwa, idadi ya washukiwa imezidi idadi ya wakazi, maana wengine walikamatwa mara mbili. Wakaagiza: waulizwe tena wananchi. Safari hii kwa kunyoosha mikono.

Mkutano ulifanyika uani kwa shangazi, chini ya kamba. Meneja alikuja, akasimama nyuma na mkoba wake kwapani. Alikuwa amemwambia shangazi asubuhi, bila ukali: akitoka pale atapita kwa jamaa wa mashine, au hatapita. Inategemea.

"Mbwa aondoke, tuletewe doria!" alianza fundi saa.

"Doria haipo," akasema mkuu wa kituo. "Konstebo yuko kwenye fungu la mbwa. Mbwa akiondoka, konstebo anaondoka naye. Ni mali inayoambatana."

"Mimi ndiyo mali inayoambatana?" konstebo akauliza.

"Kwenye makaratasi, ndiyo."

"Basi waondoke wote!" mwalimu akasema. "Mimi nimekuwa kichekesho. Mtoto wa darasa la pili ananiuliza nimeiba nini."

Watu wakaunga mkono kwa sauti. Mwenyekiti wa mtaa akaona upepo, akasimama. Alisema yeye tangu mwanzo aliona kasoro, na kwamba mbwa anayewadhalilisha watu wema hana nafasi katika mtaa unaojiheshimu.

Shangazi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa. Nilimwona akifuta mikono kwenye kanga ingawa ilikuwa mikavu. Mumewe alitaka kusimama amsemee. Shangazi akamshika shati, akamkalisha, akasimama yeye.

"Jamani," akasema. "Mbwa huyu haketi mbele ya mwizi."

"Ndiyo tunavyosema!"

"Anaketi mbele ya mtu aliyefuliwa vizuri." Watu wakadhani amemaliza. "Akikuketia, maana yake nguo yako ni safi. Imechemshwa, imesuuzwa. Akikupita..." Hakumalizia. Hakumwangalia mwenyekiti hata kidogo. Watu wote walimwangalia kwa niaba yake.

Mwenyekiti alikuwa amevaa shati jeupe, la gharama, na kwenye mfuko wake, sote tuliona kwa mara ya kwanza, kulikuwa na rangi ya waridi hafifu, kama ile inayoachwa na soksi.

Mwalimu ndiye aliyeanza. Aliondoka alipokuwa amesimama, akaenda hadi alipokuwa mbwa, akajiweka mbele yake, akangoja. Mbwa akaketi. Mwalimu akageuka na kutazama mkutano kama mtu aliyepewa shahada upya. Mwenye duka akamfuata. Ukawa msururu, tena wa kusukumana.

"Usinirukie foleni, mimi nimefuliwa jana!"

"Mimi leo asubuhi! Bado nina unyevu!"

Yule kijana wa mchumba aliomba mbwa akopeshwe Jumapili.

Mkuu wa kituo alipoomba mikono, ilinyooshwa mpaka ya watu waliokuwa wakipita barabarani. Akaandika kwamba wananchi wanamtaka mbwa kwa mara ya pili, na akakaa akitikisa kichwa kwa fahari. Paa, akasema, litasubiri.

Shangazi hakunyoosha mkono. Alikuwa anamtazama meneja, ambaye hakuwa amenyoosha wake pia.

"Wizi umekwisha, nimekubali," meneja akasema. "Na nywele je?"

"Nitamnyoa," akasema shangazi.

"Kumnyoa koplo?" Konstebo aliruka kutoka kwenye kigoda.

"Manyoya yale ni mali ya serikali," akaongeza mkuu wa kituo. "Lazima kibali." Akaangalia kamba, akaangalia sare yake, akaikung'uta nywele moja begani. "Natoa kibali."

Kinyozi aliyeitwa na shangazi alifanya kazi hiyo kesho yake, konstebo akimshika mbwa shingo na kumwomba radhi kwa kila mkwaruzo. Chini ya manyoya yale kulikuwa na mnyama mwembamba, wa rangi ya chai ya maziwa, anayefanana kidogo na konstebo mwenyewe. Alijitazama ubavuni kwa masikitiko. Kisha akaenda mbele ya kamba, akaketi mahali pake.

Meneja alikuja saa ya kuchukua mzigo. Hakusalimia. Alichukua shuka la juu, akalinyoosha mbele ya jua, akalipitisha kiganja kutoka pindo hadi pindo, akaligeuza, akarudia. Akachukua la pili. Shangazi alisimama ameshika kamba kwa mikono miwili kama mtu aliye kwenye chombo kinachoyumba. Meneja alinusa, akakunja, akaweka mzigo wote kwenye baiskeli ya mchukuzi wake, akaukaza mpira vizuri.

"Kesho," akasema, "nitaleta na mapazia."